Kifafa baada ya kiharusi: Kijana akianza kuanguka usikimbilie kusema ni jini

 

Leo katika safu yetu ya afya tutazungumzia maradhi mawili ambayo watu wengi wanayafahamu kila moja kivyake, lakini ni wachache wanaojua kwamba moja linaweza kuzaa jingine. Maradhi hayo ni kiharusi na kifafa.

Nimeona niandike mada hii kwa sababu ya kijana mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa na umri wa miaka 34. Alipata kiharusi kilichompooza upande wa kulia. Kumbe alikuwa na presha ya siku nyingi na mwenyewe hana habari. Alitibiwa, akafanya mazoezi ya viungo, akaanza kutembea kwa mkongojo na kushona kidogo kidogo kwa kutegemea mkono wa kushoto. Miezi minane baadaye, akiwa barazani anasubiri adhana ya Magharibi, mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukaanza kutukutika, kisha mwili mzima ukakakamaa na akaanguka huku anatoka povu.

Waliomleta zahanati walinikuta mimi zamu. Alifika amelala fofofo, amechoka, ule mkono wa kulia umezidi kulegea. Nikauliza kuhusu homa, nikampima, nikampa dawa za malaria na kumruhusu arudi nyumbani. Sikuuliza swali moja tu: Je, huyu amewahi kupata kiharusi? Hilo ni kosa langu, nalikiri mbele yenu, na yaliyomfika baada ya hapo ndiyo yanayonifanya nisinyamaze. Nitayaeleza huko mbele, Inshaallah.

Kiharusi kwa vijana

Kiharusi hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unapoziba au unapopasuka. Sehemu ya ubongo inayokosa damu hufa kwa muda mfupi. Ndio maana mtu anaamka uso umepinda, mkono hauinuki au maneno hayatoki sawasawa.

Wengi wetu tunadhani haya ni maradhi ya wazee. Ni kweli kwamba kadiri umri unavyoongezeka ndivyo hatari inavyozidi, lakini vijana nao hawakusalimika. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam ulionyesha kwamba kiharusi kipo kwa wingi katika nchi yetu, na kwamba kiwango cha Dar es Salaam, baada ya kuzingatia umri wa wakazi, kilikuwa cha juu sana hata kikilinganishwa na nchi tajiri.

Kwa kijana, sababu ni nyingi. Ya kwanza ni presha isiyojulikana au isiyotibiwa. Nyingine ni kisukari, uvutaji wa sigara, dawa za kulevya, ugonjwa wa selimundu, na virusi vya ukimwi pamoja na maradhi nyemelezi yake. Yapo pia maradhi ya vali za moyo, ambayo mara nyingi huanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Kwa akina mama, ujauzito na wiki za mwanzo baada ya kujifungua huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa ya ubongo. Aina hii ya kiharusi aghalabu huja pamoja na degedege tangu mwanzo.

Kiharusi kinazaaje kifafa?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo unaopita kutoka chembe moja hadi nyingine kwa utaratibu maalumu. Sehemu iliyokufa kwa kiharusi haioti upya. Hugeuka kuwa kovu, kama vile jeraha la moto linavyoacha kovu kwenye ngozi. Chembe zilizo kandokando ya kovu hilo hubaki hai, lakini miunganiko yake imevurugika. Mfano wake ni nyumba iliyoungua upande mmoja, kisha nyaya zikaungwa ovyo ovyo. Taa zinawaka, lakini siku yoyote cheche zinaweza kuruka. Cheche hizo zikisambaa ubongoni, ndipo mgonjwa hutukutika au huanguka.

Ikiwa kiharusi kilitokana na mshipa kupasuka, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo ndani ya damu iliyovuja hubaki pale na kuzichokoza chembe za ubongo.

Hapa ni lazima tutofautishe mambo mawili. Kuna degedege la mapema, linalotokea ndani ya siku saba za mwanzo. Hilo husababishwa na msukosuko wa wakati ule: uvimbe, upungufu wa hewa safi na kuvurugika kwa chumvi za mwili. Halihesabiwi kuwa ni kifafa, kwani wengi hawapati tena, ingawa mtu huyo anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Kisha kuna degedege la baadaye, linalotokea baada ya siku saba kupita, aghalabu baada ya miezi kadhaa. Hilo latokana na kovu, na kovu haliondoki. Zamani wataalamu walisubiri mtu aanguke mara mbili ndipo waseme ana kifafa. Tangu mwaka 2014, kwa mujibu wa maelezo mapya ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa, mtu ambaye uwezekano wake wa kuanguka tena katika miaka 10 ni asilimia 60 au zaidi huhesabiwa kuwa na kifafa hata kama ameanguka mara moja tu. Aliyepata degedege la baadaye kwa sababu ya kiharusi anaingia katika hesabu hiyo. Hivyo basi, usisubiri la pili.

Ni wangapi wanaopata? Huko Nijmegen, Uholanzi, wataalamu waliwafuatilia watu 697 waliopata kiharusi, au dalili za kiharusi zilizopita haraka, wakiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 50. Waliwafuatilia kwa wastani wa miaka tisa hivi. Takriban watu 11 katika kila 100 walipata kifafa, na waliovuja damu ubongoni ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi. Walioanguka kifafa walikuwa na hali ngumu zaidi ya kujitegemea kuliko wenzao. Basi wengi hawapati kifafa baada ya kiharusi, Alhamdulillah, lakini wanaokipata si wachache wa kupuuzwa.

Walio hatarini zaidi ni wale ambao kiharusi chao kilikuwa kikubwa, kiligusa tabaka la juu la ubongo, kilitokana na kuvuja damu, au kiliambatana na degedege katika siku za mwanzo. Wengi huanza kuanguka katika mwaka wa kwanza au wa pili, lakini wapo wanaoanza baada ya miaka mingi, wakati kila mtu ameshasahau habari ya kiharusi.

Si kila kifafa ni kuanguka

Watu wengi wanajua sura moja tu ya kifafa: mtu anaanguka, anarusha mikono na miguu, anatoka povu na kujikojolea. Kifafa cha baada ya kiharusi mara nyingi huanza kwa njia ya kimyakimya zaidi. Chunga dalili hizi kwa aliyewahi kupata kiharusi:

1. Mkono, mguu au shavu la upande uliopooza kutukutika wenyewe kwa sekunde au dakika kadhaa.
2. Ganzi au hisia ya sisimizi inayopanda mkononi kisha inaondoka.
3. Kuzubaa ghafla, macho yamekaza, ukimwita haitiki, kisha anarudi katika hali yake na hakumbuki.
4. Maneno kukatika ghafla kwa muda mfupi.
5. Kuamka asubuhi ulimi umeumwa, shuka imelowa, na mwili wote unauma.

Jambo jingine ni kwamba baada ya degedege upande uliopooza unaweza kulegea zaidi kwa saa kadhaa, pengine hata siku moja au mbili, kisha nguvu zinarudi kama zilivyokuwa. Lakini wewe nyumbani huwezi kujua kama ni uchovu wa kifafa au ni kiharusi kipya. Mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Je, ni jini?

Ndugu msomaji, nimesoma madrasa kabla sijasoma udaktari, na sina haja ya kukataa yale ambayo dini yetu imetufundisha juu ya kuwepo kwa majini. Lakini kuamini kwamba majini wapo ni jambo moja, na kumtaja jini kila mtu anapoanguka ni jambo jingine. Mtu mzima aliyepata kiharusi, kisha akaanza kutukutika upande uleule uliopooza, ana sababu inayoonekana. Ikipigwa picha ya ubongo kwa CT-Scan, kovu lake litaonekana.

Tuna kisa mashuhuri cha mwanamke aliyemjia Mtume (SAW) akalalamika kwamba anaanguka na mwili wake unafunuka, akaomba aombewe dua. Mtume (SAW) akamhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa afya. Akachagua subira, lakini akaomba dua asifunuke anapoanguka, naye akamuombea. Tazama jinsi mwanamke yule alivyosikilizwa kwa heshima. Hakupigwa, hakufungwa kamba, hakufukuzwa. Wala kisa hicho si hoja ya kuacha tiba, kwani ni Mtume huyohuyo (SAW) aliyewaamrisha Waislamu wajitibu.

Kumsomea mgonjwa Qur'an na kumuombea dua ni jambo jema, nami siwazuii watu. Ninalolikataza ni kumpiga ili jini atoke, kumfukizia moshi mpaka akose pumzi, na kumwachisha dawa zake.

Sasa niwamalizie habari ya yule kijana. Wiki tatu baada ya mimi kumpa dawa za malaria alianguka tena. Ndugu zake wakasema zahanati imeshindwa, huyu amepandwa. Wakampeleka kwa mganga, naye akaamuru aache vidonge vyote vya hospitali, pamoja na vya presha. Akakaa huko zaidi ya mwezi. Usiku mmoja alianguka karibu na moto, mkono wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Waliokuwepo waliogopa kumgusa, kwani waliamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Mpaka mama yake alipoamka na kumvuta, mkono ulikuwa umeshaungua. Mkono huo ndio ule uliokuwa mzima, ndio aliokuwa akishonea.

Kifafa hakiambukizi. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala chumba kimoja. Nalirudia hili kwa sababu wapo waliobaki na vilema, na wapo waliokufa motoni na majini, huku watu wamesimama wanatazama.

Akianguka mbele yako ufanye nini?

1. Tulia, na tazama saa.
2. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, au mvute mbali na moto, maji na barabara.
3. Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Legeza kilichobana shingoni. Mvue miwani.
4. Usimkandamize ili asirushe mikono. Unaweza kumvunja.
5. Usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si kitambaa, wala usimnyweshe maji au dawa. Ulimi haumezwi, hiyo ni dhana tu.
6. Mtukutiko ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke nje na asipaliwe.
7. Msitiri. Mfunike kanga au shuka, waondoe watazamaji. Kumbuka ombi la yule mwanamke.
8. Kaa naye mpaka azinduke kabisa, na zungumza naye kwa upole.

Akizidisha dakika tano, au akianguka tena kabla fahamu hazijarudi, au akiwa na ujauzito, au ameumia, au ni mara yake ya kwanza, mkimbize hospitali. Degedege lisilokatika huua.

Matibabu

Mwambie daktari habari ya kiharusi hata kama ilikuwa miaka mitano iliyopita, na nenda na kadi za zamani. Ikiwezekana aende naye mtu aliyemshuhudia akianguka, maana mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Siku hizi simu nyingi zina kamera, na picha ya video ya dakika moja humsaidia daktari sana, maadamu mgonjwa amesitiriwa na picha haitasambazwa. Daktari atapima pia sukari, malaria, VVU na chumvi za mwili, kwani si kila anayeanguka baada ya kiharusi anaanguka kwa sababu ya kovu.

Dawa zipo, nazo hazitofautiani na za kifafa kingine: fenobabitoni, kabamazepini, fenitoini, valproeti, lamotrijini na levetirasetamu. Wagonjwa wengi hutulia kwa dawa moja ikichaguliwa vizuri na kutumiwa kila siku. Lakini yapo mambo ya kuzingatia. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni huweza kupunguza nguvu za baadhi ya dawa za VVU, za kuzuia damu kuganda na za uzazi wa mpango. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke anayetarajia kuzaa amwambie daktari kabla. Basi taja dawa zote unazotumia, hata za miti shamba.

Wengine huuliza: Kwa nini kila aliyepata kiharusi asipewe dawa ya kifafa mapema, kabla hajaanguka? Jibu ni kwamba wengi hawatapata kifafa, na dawa zina madhara yake, kama usingizi na kizunguzungu. Hutolewa pale panapohitajika.

Usiache dawa ghafla kwa sababu umepata nafuu. Mtu akikatiza dawa za kifafa kwa siku moja anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Vilevile usiache dawa za presha, kwani kiharusi cha pili huleta kovu la pili.

Swala, saumu na tiba za asili

Kupoteza fahamu kunabatilisha udhu, hivyo akizinduka na kuwa na akili zake, atawadhe upya. Asiyeweza kusimama kuswali, aswali amekaa.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya Allah (SW) kufungua na kulipa siku nyingine. Ambaye kifafa chake kimetulia pengine ataweza kufunga, kwani zipo dawa za kumeza mara moja kwa siku, na nyingine zaweza kugawanywa baina ya futari na daku. Lakini mabadiliko hayo hayafanywi na mgonjwa mwenyewe usiku wa kuamkia Ramadhani. Njoo umuone daktari tangu mwezi wa Shaaban. Ikiwa ulianguka karibuni, au daktari amesema usifunge, chukua ruhusa uliyopewa. Masuala ya kulipa na fidia muulize sheikh wako. Tambua pia kwamba kukosa usingizi huchochea kifafa, kwa hiyo anayekesha kwa ibada apange muda wake wa kulala.

Habbat sauda na asali kula, lakini si badala ya vidonge. Na anayetumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asifanye hijama bila kumuuliza daktari, kwani damu inaweza kukawia kukatika.

Maisha nyumbani na kazini

Mwenye kifafa ambacho hakijatulia asiendeshe gari wala bodaboda, asipande mnazi, asivue peke yake, wala asiteke maji kisimani bila mtu. Jiko la mkaa liinuliwe au lizungushiwe kizuizi, na sufuria ya maji ya moto asiibebe yeye. Aogee kwa kata na ndoo, mlango usifungwe kwa komeo.

Lakini tusimfungie ndani. Kijana aliyepooza kisha akapata kifafa amepoteza kazi, na mara nyingi huwa karibu kupoteza mke, marafiki na heshima yake. Wapo wanaozama katika huzuni kubwa mpaka wanachoka kuishi. Mpeni kazi anayoiweza, muiteni msikitini, mkaeni naye sahani moja. Na wewe ambaye bado mzima, umepima presha mara ya mwisho lini? Kama una miaka 20 na kitu na hujawahi, nenda wiki hii.

Yule kijana sasa anameza dawa ya kifafa na ya presha, na zaidi ya mwaka umepita hajaanguka. Lakini vidole vya mkono wake wa kushoto vimekunjamana kwa kovu la moto na havishiki sindano tena. Anakaa karibu na cherehani yake akimfundisha mdogo wake kushona. Kila ninapopita pale hunisalimia kwa furaha, nami hukumbuka swali nililoacha kuuliza.

Basi wewe usiache kuuliza. Akiletwa mtu ameanguka, iwe nyumbani, msikitini au zahanati, sema: Je, amewahi kupata kiharusi?

Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu na subira wanaowauguza. Wabillahi tawfiq.